Gundi saba za kukarabati samani na nguo za mitumba: ipi ya kuamini, ipi ya kuacha dukani

Kiti cha mitumba kikianza kuyumba, mara nyingi mbao yake bado ni nzima. Kilichokufa ni gundi. Na kinachokizuia kisipone, mara nyingi, ni gundi ya pili: ile aliyoimwaga mtu wa kwanza kujaribu kukitengeneza. Imeacha utando mgumu kwenye kiungo, hautoki kwa maji wala kwa siki, na gundi yoyote mpya haiushiki. Kwa hiyo gundi hizi saba hazikupimwa kwa nguvu peke yake. Gundi nzuri ya mbao hushika kuliko mbao yenyewe, ilimradi kiungo ni safi na kimebanwa. Maswali yanayozitenganisha ni mengine: inakupa dakika ngapi kabla haijashika, inavumilia mwanya mkubwa kiasi gani, na je, atakayekifungua kiti hicho miaka ishirini ijayo ataweza?

Kabla ya kununua chochote, ijue gundi iliyomo tayari. Weka tone la maji ya moto juu ya utando wa zamani, subiri dakika kumi, kisha gusa. Gundi ya ngozi ya wanyama, iliyotawala kazi za useremala hadi katikati ya karne ya 20, itateleza na kutoa harufu ya ngozi iliyolowa. Gundi nyeupe itageuka rangi kama maziwa na kuvutika kama mpira. Epoksi na poliurethani hazitabadilika hata kidogo. Kipimo hicho cha dakika kumi kinaokoa saa nyingi, maana kila moja inataka kusafishwa kwa njia yake, na moja kati yake haihitaji kusafishwa sana.

Tuanze na ile ambayo kila mtu anayo: gundi ya mbao ya maji, nyeupe au ya njano. Zote mbili msingi wake ni polivinili asetati. Nyeupe inachelewa kushika na ikikauka inabaki laini kidogo. Ya njano inashika haraka, inakauka ngumu zaidi, na inakubali msasa bila kujikunja kama ufutio. Kwenye gundi za chapa ya Titebond, Original inakupa dakika 4 hadi 6 kabla ya kufunga kiungo, na Titebond III inakupa 8 hadi 10. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka ukiwa na kiti chenye viungo kumi na viwili mbele yako. Kwa kiti kizima, chukua yenye muda mrefu au gawa kazi: funga upande wa mbele na upande wa nyuma siku ya kwanza, kisha unganisha pande hizo mbili siku ya pili.

Mahali ambapo gundi hii haina mpinzani ni mbao iliyopasuka upya. Mguu uliochanika kufuata nyuzi, egemeo lililokatika likaacha meno meno yanayolingana: paka pande zote mbili, bana, acha. Usipige msasa sehemu iliyovunjika, wala usiisawazishe, kwa sababu meno yale ndiyo yanayorudisha vipande mahali pake. Toa vumbi kwa mswaki mkavu tu.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye viungo vya zamani. Gundi hii hainati juu ya utando wake wenyewe uliokauka. Inahitaji kuingia kwenye vitundu vya mbao, na utando wa zamani umeviziba. Ndiyo sababu kiti “kilichopigwa gundi” bila kufunguliwa kinaachia tena baada ya muda mfupi. Hakuna njia ya mkato hapa. Kazi inakwenda hivi.

Weka alama kila kipande kwa kipande cha utepe wa karatasi chenye herufi, pande zote mbili za kila kiungo, kwa sababu ndimi, yaani ncha za mbao zinazoingia kwenye matundu ya kiungo, zinafanana kwa macho lakini hazibadilishani matundu. Tafuta misumari na skrubu zilizofichwa kabla ya kugonga. Msumari mmoja ulioachwa ndani ya kiungo utapasua ulimi wote. Gonga kwa nyundo ya mpira, karibu kabisa na kiungo, si katikati ya mguu. Kiungo kikikataa, ingiza siki ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, subiri nusu saa, rudia. Kikishafunguka, kwangua gundi ya zamani kwa ukingo wa patasi iliyosimamishwa wima, au kwa kisu butu, mpaka rangi ya mbao ionekane. Msasa usiuguse ulimi. Unapunguza unene na kuviringisha pembe, na kiungo kilichokuwa kimebana kinageuka kulegea.

Halafu jaribu kufunga bila gundi. Ulimi unaotakiwa ni ule unaoingia kwa kusukumwa na mkono na kutoka kwa kuvutwa, bila kuchezacheza. Ulimi ukicheza, usiongeze gundi, ongeza mbao: gundisha kipande cha vinia, yaani mbao nyembamba kama karatasi, kwenye shavu la ulimi, nyuzi zikielekea upande uleule, acha kikauke, kisha punguza kwa patasi kidogo kidogo. Gundi ya maji husinyaa inapokauka, kwa hiyo mwanya iliyoujaza leo utakuwa na nafasi tupu kesho.

Wakati wa kupaka, gundi iliyo nyingi iwe kwenye kuta za tundu, na safu nyembamba kwenye ulimi. Wengi hufanya kinyume: wanaupaka ulimi mzito, wanausukuma, na gundi yote inakwanguliwa mlangoni. Lakini pia tundu lisijazwe chini. Gundi iliyonaswa kwenye kitako cha tundu haina pa kwenda, na klampu (kibano) ikikazwa shinikizo lake linaweza kupasua mguu. Baada ya kubana, pima kutoka pembe hadi pembe kwa kamba; vipimo viwili vya mshazari vikilingana, kiti kimenyooka. Kisha kisimamishe mahali tambarare kabla gundi haijashika, miguu yote minne iguse. Asiye na klampu ndefu anaweza kuzungusha kamba kwenye miguu na kuisokota kwa kijiti, na inafanya kazi vizuri kabisa ukiweka vipande vya kadibodi ili kamba isikate mbao.

Gundi inayofoka pembeni usiifute kwa kitambaa kilicholowa. Maji yanaipeleka ndani ya nyuzi, na siku ya kupaka vanishi unaona madoa meupe ambayo hayakuwapo. Subiri dakika 20 hadi 30, iwe kama jibini, uikwangue kwa patasi. Na kiti kisikaliwe kabla ya saa 24. Baridi nayo ni adui: chini ya takriban nyuzi 10 za Selsiasi gundi nyingi za aina hii hukauka nyeupe kama chaki, na kiungo hicho kinakuwa dhaifu hata kama kinaonekana kimeshika. Mbao zenye mafuta, kama mtiki, zifutwe kwa asetoni na kugundishwa ndani ya muda mfupi, kabla mafuta hayajapanda tena juu.

Gundi ya ngozi ndiyo inayopata alama za juu kabisa katika tathmini hii kwa samani za zamani, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Sababu ni moja: inajinata yenyewe. Gundi mpya ya ngozi inaiyeyusha ya zamani na kuungana nayo, kwa hiyo kiungo kilichogundishwa nayo tangu mwanzo hakihitaji kukwanguliwa hadi mbao. Kioshe kwa maji ya moto na mswaki, toa kilicholegea, paka mpya. Na siku ikitakiwa kufunguliwa, maji ya moto au mvuke unatosha. Ukitaka kuifungua bila kulowesha mbao, spiriti inafanya kazi kwa njia nyingine: inanyonya maji yaliyobaki ndani ya gundi, gundi inakuwa kama kioo, na pigo jepesi la nyundo linaivunja.

Ya chembe kavu inapikwa. Loweka sehemu moja ya chembe kwa sehemu moja na nusu hadi mbili za maji baridi, kwa uzani, mpaka zivimbe zote, saa kadhaa au usiku kucha. Kisha pasha kwenye chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji, si juu ya moto moja kwa moja, mpaka ifike karibu nyuzi 60. Kipimajoto si anasa hapa. Ikichemka, protini zake zinakatika na nguvu inaondoka. Gundi hii inaanza kuganda ndani ya dakika moja au mbili mara inapogusa mbao baridi, kwa hiyo pasha na mbao pia kwa kikausha nywele. Kwa vipande vidogo kama pembe za kuimarisha chini ya kikalio, huhitaji hata klampu: paka, sugua kipande mbele na nyuma mpaka kikatae kusogea, kiache.

Iliyo tayari kwenye chupa, kama Titebond Liquid Hide au Old Brown Glue, imepunguzwa ugandaji wake ili ukae nayo muda mrefu zaidi, na kwa kiti kizima hilo ni faida kubwa. Angalia tarehe ya chupa bila huruma. Dondosha tone kwenye kibati, liache hadi kesho yake. Likibaki laini na lenye kunata, chupa hiyo haifai kwa chochote. Kasoro ya kweli ya gundi ya ngozi ni unyevu na joto kali. Meza ya nje, kabati la bafuni, kiti kinachoshinda juani: hapo isitumike.

Mahali inapong'aa kuliko zote ni vinia iliyovimba. Meza ya zamani yenye malengelenge juu yake huuzwa kama takataka, na mara nyingi haihitaji hata tone la gundi mpya. Tandika kitambaa cha pamba kilicholowa kidogo, pitisha pasi ya joto la chini kwa sekunde chache, sikiliza: gundi ya zamani inalainika. Weka karatasi ya nta, ubao tambarare, na mzigo mzito mpaka kesho yake. Lengelenge likirudi, lichane kwa wembe kufuata nyuzi, ingiza gundi ya ngozi kwa sindano, bana tena. Fanya jaribio la joto kwenye kona isiyoonekana kwanza, kwa sababu vanishi ya laki hulainika pamoja na gundi.

Poliurethani inayotoa povu, ile ambayo Gorilla Glue ya asili imeifanya ijulikane, haina nafasi kwenye samani za kukarabati. Inagandishwa na unyevu, inavimba mara tatu au zaidi, na watu wanaona povu likijaza mwanya wakadhani mwanya umepona. Povu lina vitundu kama sifongo. Ukilibonyeza kwa kucha linabonyea. Kiungo kilichobana vizuri itakishika, lakini kiungo kilichobana vizuri hushikwa na gundi yoyote. Na haifunguki tena isipokuwa kwa msumeno. Iwe kwa jiwe, kwa chuma kidogo, kwa kazi ya nje. Bunduki ya gundi ya moto nayo iwekwe kundi hilohilo: ni nzuri kushikilia kipande wakati unapima, kisha uiondoe.

Epoksi ni dawa ya mahali ambapo mbao haipo tena: ulimi ulioliwa na wadudu, kona ya droo iliyokatika ikapotea, tundu la mguu lililopanuka likawa kama kikombe. Haisinyai inapokauka, hiyo ndiyo sifa yake ya pekee. Kati ya zile za dakika tano na zile za kukauka polepole, nunua za polepole. Araldite ina aina zote mbili, na ya haraka huwa dhaifu zaidi na haina muda wa kulowa ndani ya nyuzi. Fuata kipimo cha kifurushi kwa uaminifu. Kigumishi, ile sehemu ya pili inayoigandisha, kikizidi, epoksi haiwi ngumu zaidi, inabaki na unata wa kudumu. Changanya dakika moja hadi mbili huku ukikwangua kuta za chombo, paka safu ya kwanza ikiwa nyepesi ili inyonywe, kisha changanya unga laini wa mbao kwenye iliyobaki mpaka isimame kama siagi. Mimina kwenye kigae bapa, si kwenye kikombe: ikilundikana inajipasha yenyewe na kuganda mkononi. Klampu zibane kidogo tu. Gundi ya maji inataka shinikizo, epoksi inataka kuachiwa unene wake. Ukiikaza sana yote inatoka, kiungo kinabaki kikavu. Vaa glavu za nitrili kila mara. Mzio wa epoksi hujengeka polepole, na ukishaingia mwilini hauondoki.

Supagluu inahitaji maneno machache. Iligunduliwa mwaka 1942 katika maabara za Eastman Kodak, ikawekwa kando kwa sababu ilinata kila ilichogusa, na haikuuzwa hadi 1958. Tabia hiyo haijabadilika. Kwenye samani inafaa kwa kibanzi cha vinia, ufa mwembamba kama unywele, na nyuzi zilizonyanyuka. Ni ngumu lakini haina unyumbufu, kwa hiyo mguu wa kiti unaopokea mtikisiko kila siku utaivunja. Kwenye nguo isikaribie kabisa. Pamba na sufu huichochea igande kwa kasi mno, na joto linalotoka linaweza kuunguza ngozi kupitia suruali. Asetoni inaiyeyusha, lakini asetoni hiyohiyo inayeyusha kitambaa cha asetati, ambacho hutumika sana kama bitana ya makoti ya zamani. Soma lebo kabla ya kufungua chupa.

Tukihamia kwenye nguo, gundi ya pasi ndiyo inayostahili nafasi kwenye kikapu cha kushonea. Ni utando mwembamba unaoyeyuka kwa joto kati ya vitambaa viwili. Kosa la kwanza hutokea dukani: kuchukua nzito ukidhani ni bora. HeatnBond, kwa mfano, ina Lite na Ultrahold. Ya pili imetengenezwa isishonwe. Sindano inayopita ndani yake inajaa gundi, uzi unaruka na kukatika. Kwa karibu kila kiraka, chukua ile nyepesi, kwa sababu kiraka kisichoshonwa kitaanza kuinuka pembeni baada ya kufuliwa mara kadhaa. Kazi ya gundi ni kukishikilia kiraka kisikunjamane wakati wa kushona, na kuzuia nyuzi za jinzi zisiendelee kufumuka. Uzito wote wa nguo unabebwa na uzi.

Fua nguo na kitambaa cha kiraka kwanza, bila dawa ya kulainisha nguo. Dawa hiyo inaacha utando wa mafuta ambao gundi haiwezi kuupenya, na kitambaa kipya cha pamba kisichofuliwa kitasinyaa baadaye na kuivuta nguo yote. Kata kiraka kizidi tundu kwa sentimita moja na nusu hadi mbili kila upande, na uviringishe pembe, maana pembe ya mraba ndiyo inayobanduka kwanza. Kiwekwe kwa ndani. Bandika gundi kwenye kiraka kwa pasi kavu, acha ipoe kabisa, ondoa karatasi, kisha kiweke mahali pake. Pasi ishushwe, ibonyezwe, inyanyuliwe, isogezwe. Ukiiburuta kama unapiga pasi shati, kiraka kinahama na tundu linapinda. Kati ya pasi na nguo tandika karatasi ya kuokea. Tone moja la gundi kwenye uso wa pasi litaharibu shati la mtu mwingine kesho.

Muda na joto viko kwenye kifurushi, lakini kitambaa ndicho chenye neno la mwisho. Nukta moja kwenye alama ya pasi ni takriban nyuzi 110, mbili ni takriban 150, tatu ni takriban 200. Nailoni na akriliki mara nyingi ni nukta moja, na gundi nyingi hazijayeyuka hapo. Koti la mvua lenye dawa ya kuzuia maji halitashika gundi ya pasi kamwe. Kwa fulana na vitambaa vinavyovutika, kiraka nacho kiwe cha kuvutika. Kitambaa kigumu kilichogundishwa juu ya fulana kinageuka kibao kifuani, na mshono unachanika pembeni mwake. Kisha shona: zigizaga ya upana wa milimita 3 kuzunguka kiraka, na mistari michache ya kwenda na kurudi juu ya tundu lenyewe.

Ya saba ni gundi ya fundi viatu, ya njano, yenye harufu kali. Kwa soli iliyoachia, mkanda, mfuko wa ngozi na sponji ya kikalio, haina mbadala wa karibu, na inashindwa kwa sababu moja tu: haraka. Kwaruza pande zote mbili kwa msasa namba 80, futa vumbi, paka safu nyembamba kila upande, ngoja dakika 10 hadi 20 mpaka kidole kikigusa hakinati. Ndipo uunganishe, tena kwa usahihi, kwa sababu hakuna kusogeza baada ya kugusana. Kinacholeta nguvu hapa ni ukali wa shinikizo, si muda wake, kwa hiyo gonga kwa nyundo eneo lote badala ya kuweka jiwe juu usiku kucha. Ngozi inayonyonya sana inataka safu mbili. Kwenye viungo vya mbao haifai: inabaki laini, na kiti kinaanza kuyumba polepole bila kuachia. Sponji nyeupe ya polistaireni inayeyushwa nayo papo hapo. Fanyia kazi mahali penye hewa, mbali na jiko, kwa kuwa mvuke wake unashika moto.

Hata hiyo haiwezi kuokoa ngozi bandia inayobanduka magamba. Tabaka la poliurethani juu yake limevunjwavunjwa na unyevu wa hewa kwa miaka, na uvunjikaji huo uko kwenye koti lote, si pale tu unapouona. Ukibandika gamba moja, linalofuata linaachia kando yake. Ipime kabla ya kununua: ikunje sehemu ya kwapa au kiwiko, sugua kwa kidole gumba mara tano, na kidole kikitoka na vumbi jeusi au unata, rudisha koti kwenye lundo, uchukue vifungo na zipu tu kama muuzaji atakubali kukuuzia hivyo peke yake.